Anayekurudi anataka urudi

Katika huduma ya ushauri nasikia sana sentensi hii: "Mchungaji, Mungu ananiadhibu." Zamani nilikuwa na jibu tayari. Siku hizi nauliza tu: kwa kosa gani? Wengi hunyamaza. Kosa hawalijui, wanachojua ni kwamba mambo yamekwenda mrama, basi huko juu lazima kuna aliyekasirika.

Neno lenyewe linachangia. Katika Waebrania 12, Biblia ya Union inasema "adhabu" mahali ambapo Kigiriki kina paideia, neno lenye mzizi mmoja na lile la mtoto. Ni malezi yote: kufundishwa, kuzoezwa, kuonywa na, ndiyo, kuchapwa. Sisi tukisikia adhabu tunamwona hakimu. Mwandishi wa waraka anamwona baba. Ndiyo maana napenda zaidi kitenzi cha Mithali 3:12, "Bwana ampendaye humrudi," yaani humwonya na kumwadabisha. Kumrudi mtu na kurudi nyumbani ni matamshi yale yale. Sijengi fundisho juu ya bahati ya Kiswahili, lakini naitumia bila haya.

Ninapotaka mtu aone marudi yanavyofanya kazi, namfungulia 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, amemwua Uria, na maisha yanaendelea. Nabii Natani haanzi na kelele. Anasimulia habari za maskini na kondoo wake mmoja, aliyekula tonge lake na kunywea kikombe chake, mpaka tajiri akamnyang'anya. Mfalme anawaka hasira, ndipo anaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Angalia jinsi kosa linavyotajwa waziwazi: Uria, mkewe, upanga. Daudi anapokiri, msamaha unatamkwa pale pale. Sauti inayokwambia wewe ni bure tangu zamani, bila kutaja jambo hata moja la kutubia, wala kukuonyesha mlango, haifanani na hii. Hiyo siiiti marudi.

Hapa huwa naulizwa: mbona mtoto wa Daudi, aliyezaliwa na mke wa Uria, alikufa? Swali gumu, na silipunguzi makali. Daudi alisamehewa, na matokeo yakabaki. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba baada ya msiba ule aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu. Anayeamini ametupwa haendi huko.

Sasa upande wetu sisi tunaosaidia. Miaka yangu ya mwanzo nilimwambia mgonjwa kitandani atafute dhambi aliyoificha. Aligeukia ukutani. Nilikuwa nimefanya kazi ya rafiki zake Ayubu, waliodai anateseka kwa dhambi zake, na ambao Mungu mwenyewe aliwaambia hawakunena yaliyo sawa. Wanafunzi nao walipouliza juu ya yule kipofu ni nani aliyetenda dhambi, Yesu alijibu: si yeye, wala wazazi wake. Kwa hiyo maumivu ya mwenzangu siyapachiki tafsiri. Kama ni Bwana anamrudi, dhamiri yake itamwambia mapema kuliko mimi.

Na dhamiri ikishasema, kazi yetu ni ile ya Wagalatia 6:1, kumrejeza kwa upole. Kitenzi cha Kigiriki pale ndicho kinachotumika katika Marko 1:19, Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao. Wavu uliotatuka hauupigi teke. Unaukalisha mapajani, unatafuta tundu lilipo, unafunga uzi polepole, kwa sababu kesho unautaka majini.

Basi yule aliyenyamaza nilipomwuliza kosa gani, simsukumi. Tunasoma pamoja Zaburi 32, mahali Daudi anaposema mifupa yake ilichakaa aliponyamaza, kisha namwachia nafasi. Wengine hulia papo hapo na kutaja jambo la miaka kumi iliyopita. Wengine hawana la kutaja, na hao nawaambia wazi kwamba sioni adhabu hapo, naona mtu aliyechoka; twende tukale kwanza.