Kijani cha Ziwani Si Majani

Wageni wengi wa Ziwa Nakuru huondoka wakiamini kwamba heroe wanakula majani ya majini. Si kweli, na kosa hili ndilo huzaa mengine. Kile kijani ni spirulina, nayo ni bakteria. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mahindi ya Njoro, lakini seli yake haina kiini: DNA imo tu ndani ya uteute, haikuzungushiwa utando. Hilo ndilo linaloiweka katika himaya ya Monera, kundi la bakteria kati ya makundi makuu matano ya viumbe, iwe ya kijani kiasi gani. Maji ya ziwa yalipopanda na magadi yakazimuka, spirulina ilipungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Pale Dunga, Kisumu, siku nyingine gugumaji huelea pamoja na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Watu huviona vyote kuwa magugu. Gugumaji ni mmea kweli. Utando ule ni bakteria. Tena gugumaji lina undugu wa karibu zaidi na mvuvi anayelisukuma kwa kasia kuliko na utando ulio ubavuni mwake, maana seli za mvuvi na za gugumaji zote zina kiini.

Wengine hudhani chochote chenye seli moja ni bakteria. Hamira ya mandazi ina seli moja, nayo ni fangasi. Amiba ni protoktista, yaani kiumbe sahili chenye kiini kisicho mmea, mnyama wala fangasi, na kimelea cha malaria vilevile. Taifodi ndiyo ya bakteria. Naomba hili lishikwe sana huku magharibi mwa Kenya, ambako mtu akipata homa hufungua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, iliyobaki nyumbani. Dawa hiyo huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria; kimelea cha malaria hakina ukuta huo. Kapime kwanza.

Virusi havina seli, basi havimo katika himaya yoyote kati ya tano.

Na hizo tano zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Mwanaikolojia Robert Whittaker alizipendekeza mwaka 1969. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu, yaani ya vyombo vya seli vinavyotengeneza protini, wakaona kwamba baadhi ya walioitwa bakteria ni ukoo mwingine kabisa: arkea. Monera ikapasuka vipande viwili. Katika chemchemi za moto za Bogoria koo hizo mbili huishi pamoja, na kwa hadubini ya shule huwezi kuzitenganisha.