Sushi ya jangwani si lazima iwe mbovu wala ghali

Hapa Lubumbashi, mtu akijiandaa kwenda Las Vegas, Marekani, hakosi wa kumwonya asiguse sushi huko, yaani chakula cha Kijapani cha wali na samaki, mara nyingi mbichi, eti mji uliozungukwa na jangwa la Mojave hauwezi kuwa na samaki wazuri ila kwa bei ya matajiri.

Ubora wa samaki huyo hautegemei ukaribu wa bahari, bali baridi isiyokatika njiani. Kanuni za afya za Marekani zinataka samaki wengi wanaoliwa wabichi, isipokuwa jodari wa aina kadhaa na baadhi ya samaki wa kufugwa, wagandishwe kwanza, kwa mfano kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Kwa hiyo hata mgahawa wa ufukweni huuza samaki waliopitia barafu. Sisi wenyewe hula samaki aitwaye thomson aliyeletwa akiwa ameganda kutoka Namibia, ingawa huyo, kwa bahati nzuri, tunamkaanga.

Kuhusu bei, kilicho ghali ni mtaa. Katika Strip, barabara ya hoteli kubwa za kamari, mteja hulipia pia jina la hoteli, ilhali kilomita chache magharibi, kwenye Spring Mountain Road, migahawa ya Kiasia hushindania wakazi wa kawaida, na baadhi hutoza bei moja kwa kula hadi kushiba, mara nyingi nafuu zaidi mchana. Soma masharti kwanza, kwani mabaki ya sahani huweza kutozwa, na kodi pamoja na bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 huongezwa juu ya bei iliyoandikwa.