Usiku wa sensa ambao wanawake walikesha

Nikifundisha historia ya wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura, wanafunzi hukimbilia habari za kuvunja madirisha na za wafungwa waliogoma kula. Sishangai, hayo yana kishindo. Mimi huanza na karatasi: fomu ya sensa ya 1911.

Usiku wa sensa ulikuwa Jumapili, Aprili 2. Mkuu wa kaya alitakiwa kuandika kila aliyelala nyumbani mwake. Mara hii serikali iliongeza maswali kwa wanawake wenye waume: ndoa ina miaka mingapi, umezaa watoto hai wangapi, wamebaki wangapi, wamekufa wangapi. Mwanamke haruhusiwi kumchagua mbunge, lakini anaulizwa idadi ya watoto aliowazika! Chama cha Women's Freedom League, kilichoongozwa na Charlotte Despard, kikatangaza mgomo: wasiohesabiwa kwenye kura wasihesabiwe kwenye sensa pia. WSPU (Women's Social and Political Union), chama kingine cha wanawake waliodai kura, cha Emmeline Pankhurst na binti zake, kikaunga mkono.

Wapo waliobaki nyumbani wakakataa kujaza, wakaandika malalamiko yao kwa herufi kubwa juu ya safu za fomu. Mmoja wao ni Sophia Duleep Singh, binti wa maharaja wa mwisho wa Punjab, aliyekuwa akikaa kwenye makazi ya kifalme ya Hampton Court kwa hisani ya ufalme uleule aliokuwa akiugomea. Wengine walikwepa. Kwa kuwa mtu alihesabiwa alipolala, wao hawakulala. Walizunguka uwanja wa Trafalgar Square, London, usiku wa manane. Wengine walijazana kwenye ukumbi wa Aldwych wakiteleza kwa viatu vya magurudumu hadi kukakucha. (Ningekuwepo, ningechagua Aldwych.)

Kisheria, kukataa kuliweza kumtoza mtu faini ya hadi pauni 5 au kifungo cha mwezi mmoja. Serikali haikuwashtaki. Kwa maoni yangu iliona kesi zingewapa jukwaa la bure, na hapo ndipo ninapouona ujanja wa mgomo huu: kioo kikivunjwa polisi anajua la kufanya, ila mtu asiyekuwepo nyumbani unamkamataje?

Emily Wilding Davison, yule aliyekufa 1913 baada ya kugongwa na farasi wa mfalme kwenye mbio za Epsom, aliwazidi wote kwa ubunifu. Alijificha katika kabati la mafagio, kwenye kanisa dogo lililo chini ya majengo ya Bunge, ili anwani yake usiku ule iwe Bunge lenyewe. Alipogunduliwa, fomu ikajazwa kwamba amekutwa mafichoni Westminster, penye Bunge. Kumbe huku nyumbani alikopanga, mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwandika.

Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za sensa ya 1911, mwanamke aliyegoma kuhesabiwa yumo mara mbili.