Badiliko la fuwele: metali inapojipanga upya

Metali karibu zote ni fuwele, maana yake atomu zake zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia pande zote. Ukikunja nondo, kwa kawaida tabaka za atomu huteleza tu, moja juu ya nyingine. Umbo la nje linabadilika, mpangilio wa ndani unabaki uleule. Badiliko la fuwele ni jambo zito zaidi: atomu ni zilezile, ila mpangilio wenyewe unageuka, na metali inapata tabia nyingine.

Chuma cha kawaida kina mpangilio wa mchemraba, kila atomu ikiwa na majirani 8 wa karibu. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani waliokuwa wakikibana kwa milipuko waliripoti kwamba mgandamizo ukifika kama gigapaskali 13, yaani takriban mara 130,000 ya ule wa hewa, chuma hugeuka. Atomu hushonana kama machungwa yaliyopangwa vizuri sokoni Kigoma, kila moja na majirani 12. Ukiachia, chuma hurudi kilivyokuwa. Titani na zirkoni, metali nyingine zinazogeuka zikibanwa, hazirudi kirahisi hivyo.

Kubana peke yake hakutoshi kueleza yote. Percy Bridgman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1946, alibana sampuli huku akizisokota. Msokoto hurundika kasoro ndani ya fuwele, na hapo mpangilio mpya hupata pa kuanzia. Ndiyo maana zirkoni inayosokotwa hugeuka kwa mgandamizo mdogo zaidi.

Kuna metali zisizohitaji hata mgandamizo huo mkubwa. Nenda karakana yoyote ya Tabora inayotengeneza masinki ya stenlesi, ukiwa na sumaku ya spika mbovu. Kwenye bati bapa kwa kawaida sumaku haishiki. Fundi akishalikunja na kuligonga nyundo, pitisha sumaku kwenye kona: inavutwa, kidogo tu, lakini vidole vinahisi. Pale kwenye mkunjo sehemu ya fuwele imegeuka na kuwa aina inayovutwa na sumaku. Pasha kona hiyo moto hadi iwe nyekundu kabisa, iache ipoe, na mvuto huo utapungua au kuisha.

Kwa hiyo mteja anayekataa sinki kwa kuwa sumaku imenasa kwenye kona, akidhani si stenlesi halisi, anamwonea fundi. Apime pale ambapo bati halikukunjwa wala kugongwa. Na hata hapo asikimbilie kusema ni feki, maana zipo stenlesi halali zinazoshika sumaku tangu kiwandani.