Jinamizi: macho yameamka, mwili bado umefunga breki

Wapo wanaofika kliniki yetu ya neva wakiwa wameshasomewa dua na kufukizwa ubani, na maelezo yao ni yaleyale. Mtu ameamka saa kumi usiku. Feni anaiona ikizunguka, mwenzake anamsikia akikoroma ubavuni, lakini akitaka kumwita sauti haitoki, mkono hauinuki. Kifuani kuna uzito. Mlangoni kama kuna mtu. Baada ya dakika moja au mbili yote yanaachia kwa mkupuo, naye amelowa jasho.

Dua sina ugomvi nayo. Ila kilichomkaba ni breki ya mwili wake mwenyewe, na kila mmoja wetu huifunga mara kadhaa kila usiku bila kujua.

Tumezoea kuuona ubongo kama mtoa amri: gamba la juu linaamua, amri inateremka kwenye uti wa mgongo, msuli unajikunja. Kazi yake ya kuzuia haisifiwi. Ukiota unakimbizwa na mbwa, sehemu za ubongo zinazoendesha miguu zinachapa kazi karibu kama uko macho. Kinachokubakiza kitandani ni kundi dogo la seli katika shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ambazo hufanya neva za misuli zimwagiwe glisini na GABA, kemikali za kuzinyamazisha. Misuli inayosazwa ni michache: ya macho, na kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaovuta pumzi.

Uzito wa kifuani unatoka hapo. Misuli ya mbavuni imelegea, unapumua kwa kiwambo peke yake, na ukijaribu kwa makusudi kuvuta pumzi ndefu kifua hakitii. Na yule wa mlangoni? Ni ndoto ambayo haijakwisha, imekufuata hadi chumbani huku umefumbua macho.

Jinamizi hupenda aliyekosa usingizi, anayebadilishiwa zamu za usiku na mchana, na anayelala chali. Kwa wengi dawa ni kulala vya kutosha, tena kwa ubavu. Lakini kama mchana usingizi unakuchukua ghafla, au magoti yanaishiwa nguvu ukicheka, njoo tukuone. Huenda ni narkolepsia, ugonjwa wa ubongo unaovuruga usingizi.

Breki zikikatika je? Huko Lyon, Ufaransa, mtafiti wa usingizi Michel Jouvet aliwaharibu paka sehemu ndogo ya shina la ubongo. Wakiwa katika usingizi wa ndoto, paka wale waliinuka, wakanyatia, wakamrukia adui asiyekuwepo. Mwaka 1986 daktari Carlos Schenck na wenzake wa Minnesota, Marekani, wakaeleza hali kama hiyo kwa binadamu, wengi wao wanaume wa umri mkubwa, wakirusha ngumi na mateke wakiwa wamelala.

Hali hiyo naiogopa kuliko jinamizi, maana wengi walio nayo, miaka mingi baadaye, hupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, au mwingine wa jamii yake. Mzee mwenyewe mara nyingi hana habari. Akiamka, hakumbuki zaidi ya kwamba aliota anapigana. Anayejua ni mkewe, aliyeamka na bega lililovilia damu. Kwa hiyo tukimpa mzee tarehe ya kliniki, tunamwomba aje na mama.