Shahada ya uzamili ya sera za umma: anza na orodha ya masomo

Vijana wanaonifuata hapa Tanga kuomba barua ya mapendekezo huwa wameshachagua chuo kabla hatujaongea. Wamechagua jina. Nikiwauliza masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza ni yapi, wengi hawajayaangalia, na hapo ndipo ninapowarudisha nyuma, maana uchambuzi wa sera ndio kazi yangu na najua ofisi inadai nini.

Utawala wa umma hukuandaa kuendesha taasisi: watumishi, bajeti, manunuzi. Sera za umma hukufundisha kupima kama hatua iliyochukuliwa na serikali ndiyo iliyoleta matokeo unayoyaona. Vyuo vingine huchanganya hivi viwili, hivyo usiamini jina la shahada. Tafuta takwimu, uchumi na tathmini ya sera, tena kama masomo ya lazima.

Chukua katani yetu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, Tanga ikiwa kitovu. Baadaye zao likaporomoka. Ukikaa na wazee Ngamiani, mmoja atakwambia ni kamba za nailoni zilizochukua soko la katani, mwingine atasema ni kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wote wawili wana hoja. Lakini bei ya dunia ilianza kushuka kabla ya 1967, kwa hiyo huwezi kuutwika utaifishaji mzigo wote. Je, ulichangia kiasi gani? Kenya nao walilima katani, wakakutana na soko lilelile, ila mashamba yao hayakutaifishwa. Ukiweka takwimu za nchi hizi mbili sambamba, mwaka kwa mwaka, unaanza kuona kipi kililetwa na soko na kipi kililetwa na sera. Hata hapo lazima ujiulize ni nini kingine kilichozitofautisha. Chuo kisichokufundisha kulifanya hilo kwa data halisi, hata kiwe na majengo ya kupendeza namna gani, mimi sikushauri uende.

Muda nao uutazame vizuri. Shahada ya sera za umma ya Blavatnik, shule ya masomo ya serikali pale Oxford, ni ya mwaka mmoja. Ya Kennedy, shule kama hiyo pale Harvard, ni miaka miwili. Kama hesabu uliziacha kidato cha nne, mwaka mmoja utakubana sana.

Kuhusu fedha: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Ujerumani kuna ufadhili wa DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi na wasomi, uitwao Helmut Schmidt, uliowekwa mahususi kwa sera za umma na utawala bora.

Wala msividharau vyuo vya nyumbani. Mzumbe wamefundisha utawala kwa miongo mingi, na Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Tanga kwa aliyeajiriwa asiyeweza kuacha familia. Msimamizi anayeijua halmashauri kwa ndani atakuokolea miezi mingi ya utafiti.

Kabla ya kutuma maombi, watafute wahitimu wawili wa programu hiyo na uwaombe wakuonyeshe kazi yao ya mwisho. Angalia data waliitoa wapi na nani aliwasimamia. Na kama chuo kiko nje, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mapema kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo, usisubiri mpaka umerudi na cheti mkononi.