Hardwick Hall: jumba la mawe lisilo ngome

Dhana: Minara sita na kuta za mawe kilimani Derbyshire, Uingereza: hiyo ni ngome.

Ukweli: Adui angelivunja kwa kokoto. Jumba hili, lililojengwa kati ya 1590 na 1597, limejaa vioo kiasi kwamba Waingereza walilitungia msemo kuwa lina vioo vingi kuliko kuta. Jiwe la mchanga lilichimbwa palepale shambani, lakini kioo kilikuwa ghali mno, na ndicho kilichotangaza utajiri wa mwenye nyumba, Bess wa Hardwick. Kama hukuelewa, herufi zake ES, za jina lake rasmi Elizabeth Shrewsbury, zimechongwa juu ya minara. Dohani nyingi ziliingizwa kwenye kuta za ndani ili kuta za nje zibaki na nafasi ya madirisha. Baridi ya huko siitamani, hata kwa mazulia yale makubwa yaliyotundikwa ukutani.

Dhana: Ghorofa ya chini ndiyo ya heshima, kule juu ni kwa watumishi.

Ukweli: Hapa ni kinyume. Madirisha hurefuka kadiri unavyopanda, kwa sababu ukumbi mkuu wa kupokelea wageni wa hadhi uko juu kabisa. Bess mwenyewe aliishi ghorofa ya kati. Mgeni alipandishwa ngazi ndefu za mawe taratibu, na nadhani kumchosha kidogo kulikuwa sehemu ya mpango.

Dhana: Dirisha lisilo na chumba nyuma yake lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha.

Ukweli: Kodi hiyo ilianza 1696, karibu miaka 100 baadaye. Baadhi ya madirisha ya Hardwick yalikuwa ya uongo tangu mwanzo, nyuma yake kuna dohani au ukuta. Robert Smythson, fundi mwashi anayehesabiwa kuwa ndiye aliyelisanifu, alitaka pande zilingane hata pale vyumba vilipokataa.

Dhana: Malkia Mary wa Scotland alifungwa humo.

Ukweli: Kipo chumba chenye jina lake, na hapo ndipo wengi hupotea. Mary alikatwa kichwa kwenye ngome ya Fotheringhay mwaka 1587, kabla jumba halijaanza kujengwa. Mume wa Bess, George Talbot, ndiye aliyemlinda kama mfungwa kwa miaka 15 tangu 1569, akimhamisha kati ya ngome na majumba ya Tutbury, Sheffield na Chatsworth.